Kompyuta ya mezani imechoka na inanguruma: uiboreshe au ununue nyingine?

Mwenye stesheneri anauliza: “Fundi, CPU yangu inanguruma kama jenereta, nikiongeza RAM itanyamaza?” Karani wa SACCOS anataka kujua kama aitupe mashine kwa sababu imekataa Windows 11. Mwanafunzi amenunua Dell ya mtumba, imekuwa nzito, na jirani amemwambia dawa ni kununua nyingine. Haya nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo na kwa ujumbe wa simu, sasa nayaweka mahali pamoja.

Kabla hujashika bisibisi, elewa kwamba kelele, uzito na kupitwa na wakati ni mambo matatu tofauti. Kelele, mara nyingi, hutoka kwenye kitu kinachozunguka, na kitu kinachozunguka husafishwa bure au hubadilishwa kwa pesa kidogo. Uzito, mara nyingi, ni diski. Kupitwa na wakati ni habari ya prosesa (ubongo wa kompyuta) na mazabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote), na huko hakuna dawa. Wanaopoteza pesa ni wale wanaoyachanganya: huyu ananunua mashine nzima kwa sababu ya feni, yule anaweka RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) mpya kwenye prosesa ya mwaka 2011.

Nitazungumzia zaidi kompyuta za ofisini kama Dell OptiPlex, HP Compaq, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, maana ndizo zilizojaa madukani kwetu. Kama yako iliungwa na fundi kipande kwa kipande, hatua ni hizi hizi, na vipuri utavipata kwa urahisi zaidi.

Andaa hivi kwanza

- Bisibisi ya nyota, ya ukubwa wa kati.
- Brashi laini ya kupakia rangi, ambayo haijawahi kuguswa na rangi. Ukiweza kuazima blowa, bora zaidi.
- Kitambaa kisichoacha nyuzi, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na tyubu ndogo ya pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bamba la kuipozea.
- Diski ya nje ya kuhifadhia bekapu, na flashi ya GB 8 au zaidi.
- Programu tatu za bure: CPU-Z (kuitambua prosesa), HWMonitor (kupima joto) na CrystalDiskInfo (kupima afya ya diski). Zipakue kwenye tovuti za watengenezaji wake, si kwenye tovuti ya kwanza inayojitokeza ukitafuta.
- Simu ya kupigia picha kila waya kabla hujauchomoa.
- Karatasi na kalamu. Utaandika majibu ya kila hatua, na uamuzi utatoka kwenye karatasi hiyo.

Tenga mchana mmoja usio na wateja. Na jambo moja lisilo na mjadala: usifungue pawa saplai. Lile boksi la chuma linalopokea waya wa umeme wa ukutani hubaki na chaji ndani hata baada ya kuchomolewa. Feni yake ikiharibika, unabadilisha pawa saplai nzima au unampa fundi wa umeme.

Hatua ya 1: Toa kazi zako nje ya mashine

Nakili faili za mahesabu, barua, picha za wateja na kila kitu kwenye diski ya nje. Kisha chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue faili kadhaa kuhakikisha zinasomeka. Bekapu ambayo hujaifungua mahali pengine bado si bekapu.

Kama kelele unayoisikia ni ya kugonga, “tik… tik… tik”, na mashine inaganda kila inapogonga, usiendelee na chochote kingine leo. Hiyo ni diski inayokata roho. Anza na faili muhimu zaidi, zile ambazo huwezi kuziandika upya, ndipo uende kwenye zilizobaki.

Hatua ya 2: Ijue mashine yako kwa namba

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua kichupo cha Performance. Andika jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM, sloti ngapi zimetumika kati ya ngapi, na aina ya diski: HDD (ya kuzunguka) au SSD (isiyo na kinachozunguka).

Jina la prosesa lisome hivi. Kwenye Intel Core, tarakimu tatu za mwisho ziache, kinachobaki mbele ni kizazi. i5-4590 ni kizazi cha 4. i5-8500 ni kizazi cha 8. i7-10700 ni kizazi cha 10. Celeron na Pentium hazifuati mpango huu, hizo tafuta jina lake mtandaoni ujue ni ya mwaka gani.

Muuzaji akikwambia “hii ni Core i7” akaishia hapo, bado hajakwambia kitu. i7-2600 ilitoka mwaka 2011, na kwa kazi nyingi za kila siku hushindwa na i3-8100 ya mwaka 2017. Hata jina la modeli linaweza kukupoteza. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ni ya kizazi cha 3, lakini Dell walilirudisha jina hilo hilo mwaka 2023 kwenye mashine za kizazi cha 13. Ukiona tangazo la “7010” kwa bei ya kushangaza, uliza prosesa kwanza.

Kwa haraka: OptiPlex 3020 na 9020 ni kizazi cha 4. OptiPlex 3060, 5060 na 7060 ni kizazi cha 8. HP EliteDesk 800 G1 ni kizazi cha 4, G2 ni cha 6, G4 ni cha 8.

Hatua ya 3: Tafuta kelele inatoka wapi

Hapa ndipo watu wanaruka, na ndipo jibu lilipo. Ondoa ubavu wa kasha, washa mashine, kunja karatasi iwe bomba, weka upande mmoja sikioni na upande wa pili uusogeze karibu na kila kinachozunguka, bila kukigusa. Usivae mikono mirefu inayoning'inia, wala mtandio au tai.

Sikiliza aina ya mlio:

*Mvumo wa upepo unaopanda ukifungua kitu kizito, kisha unashuka.* Hii ni feni ya prosesa inayokimbizana na joto. Feni yenyewe ni nzima, ila vumbi limeziba au pesti imekauka. Tiba iko hatua ya 4, na gharama yake ni karibu na bure.

*Mkwaruzo au mlio wa kusaga, mkali zaidi asubuhi, unaopungua mashine ikipata moto.* Beringi ya feni imekwisha. Kusafisha hakutaiponya, feni ibadilishwe.

*“Tatatata” ya haraka.* Waya unaguswa na mapanga ya feni. Uvute pembeni, uufunge, umemaliza.

*Mngurumo mmoja usiobadilika, unaonyamaza ukilaza kiganja juu ya kasha.* Ni mtetemo tu: skrubu zimelegea, au diski inacheza kwenye kitako chake.

*Kugonga au kukwaruza ndani ya boksi dogo la chuma lililofungwa.* Diski. Rudi hatua ya 1 kama uliiruka.

*Mlio mwembamba mkali unaobadilika ukisogeza ukurasa juu na chini.* Koili za umeme kwenye mazabodi au pawa saplai. Unaudhi, lakini kwa kawaida hauna madhara. Usitumie pesa hapo.

Kama feni mbili zinakuchanganya, chukua penseli yenye kifutio, bonyeza kwa upole katikati ya feni moja kwa sekunde mbili au tatu tu. Kelele ikikatika umeipata. Usiguse mapanga, usitumie kidole, na usiingize kitu chochote kwenye feni ya pawa saplai. Hiyo isikilize kwa nyuma.

Kama unashuku diski, zima mashine, chomoa umeme, toa waya mnene wa umeme wa diski, kisha washa. Windows haitafunguka, na ni sawa, kwani unachotaka ni kusikia tu. Kukiwa kimya, mkosaji ni yeye.

Hatua ya 4: Safisha kabla ya kutoa hukumu

Mashine yenye vumbi haiwezi kuhukumiwa kwa haki. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili chaji iliyobaki iishe, kisha itoe nje uani. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani, na usifanyie kazi juu ya zulia.

Ukipuliza kwa blowa, shika feni isizunguke. Feni inayozungushwa na upepo mkali huharibu beringi zake na inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi. Blowa iweke mbali kidogo. Kwa mashine zilizokaa Dodoma au Turkana, vumbi laini hujaa kila kona na litatoka kama unga, kwa hiyo funika pua.

Vumbi baya zaidi hulioni kwa juu. Liko kati ya feni ya prosesa na lile bamba la aluminiamu lililo chini yake, limejilaza kama blanketi. Fungua feni, litoe lote kwa brashi.

Kama mashine ina zaidi ya miaka mitano na haijawahi kuguswa, badilisha pia pesti. Legeza skrubu za bamba kwa mshazari, kidogo kidogo, si moja kuimaliza kisha nyingine. Lizungushe bamba kidogo kushoto na kulia kabla ya kulinyanyua. Kwenye prosesa za AMD za soketi ya AM4 ukilivuta kwa pupa litanyanyuka pamoja na prosesa na kupinda miguu yake. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati, rudisha bamba, kaza kwa mshazari. Pesti nyingi haipozi zaidi, inachafua tu.

Makosa ninayoyakuta mara kwa mara: kitambaa chenye maji, mashine ya kufyonza vumbi kugusishwa kwenye mazabodi, na watu kusahau kurudisha waya wa feni.

Walioko Mombasa, Tanga, Unguja na pwani yote, angalieni kutu na ukungu wa kijani kwenye meno ya RAM. Chumvi ya hewani haisamehe. Meno husuguliwa taratibu kwa kifutio cha penseli na mabaki kufutwa kwa spiriti.

Ukiwa humo ndani, tazama kapasita zilizozunguka prosesa, zile silinda ndogo zilizosimama. Kichwa kikiwa bapa ni nzima. Kikiwa kimevimba au kina utomvu wa kahawia, mazabodi inaondoka, na hakuna haja ya kuinunulia chochote. Ruka hadi hatua ya 8.

Funga, washa, fungua HWMonitor. Mashine ikiwa imetulia, joto la prosesa la nyuzi 35 hadi 50 ni la kawaida. Ikifanya kazi ngumu, chini ya 80 ni vizuri. Ikivuka 90, bamba halijakaa sawa au feni haisukumi.

Wengi wanaishia hapa. Kelele imeisha, na swali la kununua nyingine limekufa lenyewe.

Hatua ya 5: Pima diski

Fungua CrystalDiskInfo. Ikiandika Good, endelea. Ikiandika Caution au Bad, tazama mistari mitatu: Reallocated Sectors, Current Pending Sector na Uncorrectable. Namba zikiwepo hapo na zikipanda wiki hadi wiki, diski hiyo isikabidhiwe tena kazi ya mtu.

Tazama pia Power On Hours. Ofisi inayowasha mashine saa kumi kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hutumia saa 3,000 kila mwaka. Diski yenye saa 30,000 basi ina maisha ya ofisi ya miaka kumi. Inaweza kuendelea, lakini umri wake tayari unaujua.

Hatua ya 6: Amua

Weka karatasi mbele yako. Kinachoamua ni kizazi cha prosesa, halafu hali ya mazabodi. Kelele haimo.

*Kizazi cha 8 na kuendelea, au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 na kuendelea, isipokuwa 2200G na 2400G:* boresha. Windows 11 inaipokea rasmi, SSD itaifufua, na feni ni kipuri tu. Sioni sababu ya kuiacha labda kama mazabodi imeoza.

*Kizazi cha 6 na 7:* hapa pana ubishi. Mashine hizi bado zina nguvu ya kutosha kwa barua, mahesabu, mtandao na kuchapisha. Tatizo ni kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haiwakubali rasmi isipokuwa wachache sana wa kizazi cha 7. Microsoft ilitoa mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026. Kama kazi zako zote ni za kivinjari na LibreOffice (programu ya bure ya barua na mahesabu), weka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na uendelee miaka kadhaa. Kama unategemea programu ya Windows pekee, tumia muda uliobaki kuweka akiba. Vyovyote iwavyo, nunua tu kipuri kitakachohamia kwenye mashine ijayo. SSD inahama. Pawa saplai ya Dell haihami.

*Kizazi cha 4 na 5:* SSD tu, na feni kama inahitajika. RAM ya DDR3, ile ya kizazi cha zamani, usiinunue mpya, iombe kwa fundi mwenye mashine zilizokufa.

*Kizazi cha 3 kushuka, na Core 2 Duo:* safisha, itumie hadi ifike mwisho wake, usiiongezee shilingi.

Fundi atakwambia Windows 11 inaingia hata kwenye mashine isiyokubalika. Ni kweli, njia za kuruka ukaguzi zipo. Lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na tangu toleo la 24H2 Core 2 Duo haiwaki kabisa, maana prosesa hizo hazina maagizo ambayo toleo hilo linayadai. Nyumbani, shauri yako. Kwenye ofisi inayoshika pesa za watu, mimi nasema hapana.

Kisha fanya hesabu moja. Jumlisha kila kipuri na ufundi. Jumla ikizidi nusu ya bei ya mashine ya mtumba ya kizazi cha 8 mjini kwenu, acha, nunua hiyo. Sababu ni kwamba baada ya kulipa, pawa saplai na mazabodi bado ni zile za zamani, na zitafuata kuharibika.

Umeme nao uingie kwenye hesabu. Tuseme kompyuta kubwa inakula wati 80 na ile ndogo ya kisasa inakula 20. Kwa saa kumi kwa siku ni uniti 0.8 dhidi ya 0.2. Siku 26 za kazi, tofauti ni uniti 15.6 kwa mwezi. Kwa mashine moja si kitu. Kwa maabara ya shule yenye mashine ishirini, mwalimu mkuu ataiona.

Hatua ya 7: Ukiboresha, fuata mpangilio huu

*Kwanza feni.* Pima upande wake kwa rula: milimita 80, 92 au 120. Hesabu matundu ya plagi. Feni nyingi za kawaida zina matatu au manne, lakini baadhi ya Dell hutumia plagi ya matano isiyofanana na ya wengine. Njia nyepesi ni kutafuta feni ya modeli hiyo hiyo kutoka mashine iliyokufa. Tone la mafuta ya cherehani chini ya stika ya feni huinyamazisha kwa muda, lakini beringi iliyokwisha itarudi kulia. Mafuta ya kupikia yanaganda, usijaribu.

*Pili SSD.* Hii ndiyo pesa bora kuliko zote. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 husoma takriban MB 100 hadi 200 kwa sekunde, na SSD ya SATA hufikia MB 500 hivi. Tofauti kubwa zaidi ni kwenye faili ndogo ndogo, ambazo ndizo Windows inazozisoma muda wote inapowaka. Na kwa kuwa SSD haina kinachozunguka, unanunua kasi na ukimya kwa mpigo mmoja. Kwa stesheneri GB 240 au 256 zinatosha. Nunua ya SATA ya inchi 2.5. Mashine nyingi za zamani haziwezi kuwaka kutoka kwenye NVMe, aina mpya zaidi ya SSD. Na ukiuziwa “SSD ya TB 2” kwa bei ya soda, ni ya bandia. Ijaribu na programu ya H2testw kabla hujaiamini.

Diski ya zamani, kama bado ni nzima, iweke kwenye kasha la USB uitumie kwa bekapu. Ukiiacha ndani, kelele yake inabaki ndani.

*Tatu RAM.* GB 8 kwa kazi za ofisi, 16 kwa anayechora au kuhariri video. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, usilazimishe. RAM ya laptop ni fupi, haikai kwenye kompyuta kubwa ya mezani. Mashine chache za kizazi cha 6, kama OptiPlex 3040, zinataka DDR3L ya volti 1.35, si DDR3 ya kawaida. Uliza bei ya leo, maana bei za RAM zilipanda sana kuanzia mwishoni mwa 2025. Na kwa yule wa stesheneri: RAM haipunguzi kelele.

Baada ya hapo simama. Usinunue prosesa kubwa zaidi kwa mazabodi ya zamani, wala kadi ya michezo kwa pawa saplai ya wati 240. Dell na HP nyingi kuanzia kizazi cha 4 hutumia plagi zao wenyewe za pawa saplai, hivyo ile ya kawaida ya dukani haitaingia bila adapta.

Hatua ya 8: Ukinunua, kagua ukiwa dukani

Iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, usilipe kabla ya haya:

- Iwashwe mbele yako, na usome kizazi cha prosesa mwenyewe.
- Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc. Hiyo inaonyesha TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, na inatakiwa iwe 2.0.
- Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikidai nywila ya kampuni iliyoiacha, iache na wewe.
- Endesha CrystalDiskInfo kutoka kwenye flashi yako.
- Omba ifunguliwe ubavu. Tafuta kutu na kapasita zilizovimba.
- Omba uisikilize chumba cha ndani. Mbele ya duka, na honi za bodaboda, kila mashine ni kimya.
- Angalia matundu ya skrini. Mashine nyingi za kizazi cha 8 hazina VGA, na adapta ni gharama yako.
- Waranti iandikwe kwenye risiti, hata kama ni ya mwezi mmoja.

Skrini, kibodi na mausi ulizonazo zinatosha. Zile kompyuta ndogo zinazokaa kiganjani ni tulivu na hazili umeme, ila zinatumia RAM ya laptop na hazina nafasi ya kuongeza mengi. Kwa ofisi ningechagua hizo. Kwa anayependa kufungua fungua, achukue kubwa.

Mambo yakigoma

*Haiwaki baada ya kusafisha, au inapiga mlio wa bipu.* Karibu kila mara ni RAM haijakaa. Itoe, ibonyeze hadi klipu zilie. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

*Inaandika kosa la feni.* Kwenye HP, 511 ni feni ya prosesa na 512 ni feni ya kasha. Waya haujachomekwa, au feni mpya si ya aina inayotambulika. Usizoee kubonyeza F1 na kuendelea.

*Feni zote zinakimbia kwa kasi ya mwisho tangu inapowashwa.* Umesahau waya mdogo wa kipima joto, au feni imechomekwa pasipo pake. Rudi kwenye picha ulizopiga.

*Joto bado liko juu ingawa pesti ni mpya.* Bamba limekaa upande. Zile pini nne za plastiki za Intel hudanganya: tatu zinaingia, moja inaning'inia.

*SSD imewekwa, Windows haifunguki.* Ingia kwenye BIOS, iweke SSD iwe ya kwanza. Ikigoma bado, angalia kama Windows iliwekwa kwa UEFI huku BIOS ikiwa Legacy (hizo ni njia mbili tofauti za kuwasha mashine), au kinyume chake.

*Windows inadai haijalipiwa.* Leseni ya kidijitali hufuata mazabodi. Kubadilisha diski na RAM hakuiondoi. Unganisha intaneti na usubiri. Ukibadilisha mazabodi, hilo ni jambo jingine.

*Ni kizazi cha 8 lakini tpm.msc haioni kitu.* Imezimwa. Kwenye BIOS tafuta TPM au Intel PTT, iwashe.

*Saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika.* Betri ya CR2032 kwenye mazabodi. Maduka ya saa wanayo.

*Kelele imerudi baada ya siku chache, feni zote ni mpya.* Nenda nyuma, sikiliza pawa saplai.

Kabla mashine ya zamani haijatoka mlangoni

Kompyuta ya stesheneri ina vitambulisho vya watu, vyeti, hati za viwanja. Kuvifuta kwa kubonyeza Delete hakuvitoi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, kwa hiyo usimwachie mnunuzi. Diski ya kuzunguka iumbize upya ukiwa umeondoa alama ya Quick Format. Itachukua saa kadhaa, iache ikamilike. SSD ifute kwa programu ya mtengenezaji wake au kwa chaguo la Secure Erase kama BIOS inalo. Diski iliyokufa ambayo haifutiki, itoe kwenye kasha, itoboe kwa drili, ndipo uuze kasha lililobaki.